Toka nje utembee: ushauri mmoja wenye mambo matatu ndani yake

Mtu akishavuka miaka 45, ushauri humjia kutoka kila upande: toka nje, tembea. Daktari anausema, watoto wanausema, na jirani asiyefanya zoezi lolote naye anausema. Ushauri hauna kasoro, ila umechanganya mambo matatu ambayo hayafanani. Kuna mwendo wenyewe, yaani kazi wanayofanya moyo, mapafu na misuli. Kuna mahali unapofanyia mwendo huo, pamoja na mwanga wake, hewa yake, ardhi yake na watu wake. Halafu kuna yale ambayo kutembea hakukupi hata ukitembea mpaka soli za viatu ziishe. Wengi hupata la kwanza, hugusa la pili, na hawaambiwi kabisa kuhusu la tatu, ambalo kwa mtu wa miaka 70 ndilo linaloamua kama ataendelea kupanda ngazi mwenyewe au atashikwa mkono.

Kinachopotea, na sababu yake

Misuli huanza kupungua mapema. Baada ya miaka 30 hivi mtu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila muongo, na akishafika 60 kasi hiyo huongezeka. Nguvu hushuka haraka kuliko ukubwa wa misuli, na kinachotangulia vyote kutoweka ni uwezo wa kutumia nguvu kwa ghafla, ule unaokuwezesha kutupa mguu mbele unapojikwaa kabla hujafika chini. Uwezo wa moyo na mapafu kufikisha oksijeni kwenye misuli nao hupungua kwa takribani asilimia 10 kila muongo kwa mtu asiyefanya mazoezi. Mifupa huwa myepesi, hasa kwa wanawake katika miaka ya mwanzo baada ya kukoma hedhi.

Ukiyasoma hayo kwa haraka utasema ni uzee, basi. Sehemu kubwa lakini hutokana na kukaa, na ushahidi wake ni wa zamani. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa siku nzima. Makondakta walishinda wakipanda na kushuka ngazi za basi kukata tiketi. Watu wa kazi moja, mji mmoja na mishahara isiyotofautiana sana, lakini makondakta walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva.

Utafiti wa Dallas, Marekani, unashangaza zaidi. Mwaka 1966 vijana 5 wa miaka 20 walilazwa kitandani kwa wiki 3, wote wakiwa wazima wa afya. Uwezo wao wa kutumia oksijeni uliporomoka. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ilionekana kwamba zile wiki 3 za kulala ziliwashusha zaidi kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Kisha wakapewa programu ya mazoezi ya kuimarisha moyo na mapafu kwa miezi 6, wakiwa na miaka 50, na walichokipoteza kwa umri wakakirudisha chote. Watu 5 ni wachache mno kujengea kanuni, nakubali, lakini tafiti kubwa zilizofuata hazikuukana mwelekeo huo.

Basi kuna umri wa kuchelewa? Inategemea unazungumzia kiungo gani. Kwa moyo, muda una maana. Benjamin Levine na wenzake, hukohuko Dallas, waliwachukua watu 53 wa miaka 45 hadi 64 waliozoea kukaa tu, wakaligawa kundi, na waliofanya mazoezi siku 4 au 5 kwa wiki kwa miaka 2 mioyo yao iliyoanza kukakamaa ikawa laini tena. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2018. Jaribio la awali kwa watu waliokwisha kupita 65 halikuupa moyo ulaini huo, ingawa pumzi yao iliongezeka. Kwa misuli hali ni tofauti kabisa. Mwaka 1990 watafiti wa Boston walichapisha habari za wakaazi 10 wa makao ya wazee, wenye miaka 86 hadi 96, waliopewa mazoezi mazito ya kuinua uzito kwa miguu. Ndani ya wiki 8 nguvu za mapaja ya waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mtu wa miaka 90 anajenga misuli. Anayesema "mimi nimeshapitwa" kwa miaka 58 ajue anajidhulumu mwenyewe.

Mwendo kiasi gani

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kasi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Kwa walio na miaka 65 na zaidi linaongeza siku 3 za mazoezi yanayochanganya nguvu na uwezo wa kusimama imara bila kuyumba. Ile sehemu ya dakika 150 ndiyo inayonukuliwa kila mahali. Nyongeza hiyo ya mwisho haisikiki sana, na nitairudia.

Kasi ya wastani haihitaji kifaa. Ukitembea na mwenzako, ukaweza kuzungumza sentensi nzima lakini ukashindwa kuimba, umo ndani yake. Ukilazimika kuvuta pumzi kila baada ya maneno mawili matatu, umeingia kwenye makali. Ukiweza kuimba ubeti mzima, unatembea matembezi, na matembezi ni mazuri, ila yasihesabiwe kuwa mazoezi.

Na zile hatua 10,000 ambazo watu huambiwa watembee kila siku je? Namba hiyo haikutoka maabara. Ilikuja na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, ikapendwa kwa sababu inakumbukika. I-Min Lee wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake waliwafuatilia wanawake zaidi ya 16,000 wenye wastani wa miaka 72, na mwaka 2019 wakaeleza kwamba waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa, kwa asilimia 41, kuliko waliotembea hatua 2,700 hivi. Faida iliendelea kupanda mpaka karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Bila shaka anayetembea zaidi huenda alikuwa na afya bora tangu mwanzo, na watafiti hujitahidi kulichuja hilo bila kulimaliza. Lakini kwa mtu anayekata tamaa kila jioni kwa sababu simu yake imeandika 5,000, habari hii ina maana kubwa.

Kama una muda mchache, kasi itakupa zaidi kuliko urefu wa njia. Hiroshi Nose wa Chuo Kikuu cha Shinshu, Japani, alijaribu mpango mwepesi kueleza: tembea kwa haraka dakika 3, kisha polepole dakika 3, rudia mara 5 au zaidi, siku 4 au zaidi kwa wiki. Baada ya miezi 5, watu wa makamo na wazee waliofuata mpango huo walikuwa na mapaja yenye nguvu zaidi, pumzi ndefu zaidi na presha iliyoshuka zaidi kuliko wenzao waliotembea mwendo mmoja usiobadilika. Napenda mpango huu kwa sababu hauhitaji chochote isipokuwa njia na saa, na kwa sababu dakika 3 za shida huvumilika mtu akijua nafuu inakuja.

Nje kuna nini ambacho ndani hakuna

Hapa ndipo maneno matamu huzidi ushahidi, kwa hiyo tuende taratibu.

Mwanga ndio hoja yenye miguu imara zaidi. Ndani ya nyumba yenye taa nzuri mwanga hufikia lux (kipimo cha mwanga) mia kadhaa. Nje, hata kukiwa na mawingu, mara nyingi hupita 10,000. Saa ya mwili iliyomo ubongoni hujirekebisha kwa mwanga unaopita machoni, hasa ule wenye rangi ya buluu, na lenzi ya jicho hugeuka njano kadiri umri unavyosogea, ikiuzuia mwanga huohuo. Mzee anayeshinda ndani anapungukiwa mara mbili: chumba kina mwanga hafifu, na jicho linapitisha sehemu tu ya huo uliopo. Usingizi unaokatika saa 9 usiku unaweza kuwa na sababu nyingi, lakini asubuhi nje ni jambo la kujaribu kabla ya vidonge.

Vitamini D inahitaji maelezo. Ngozi huitengeneza kwa mionzi ya jua ambayo haipiti kwenye kioo, kwa hiyo kukaa dirishani hakusaidii. Ngozi ya mzee hutengeneza chini ya nusu ya inachotengeneza ngozi ya kijana kwa jua lilelile, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe. Mtu anayetoka mara kwa mara anajisaidia, lakini asitegemee kwamba jua peke yake litamlinda mifupa isivunjike. Mfupa unahitaji kubebeshwa mzigo.

Hewa ndiyo inayoweza kukugeuka. Watafiti wa London waliwachukua watu 119 wenye miaka 60 na zaidi, baadhi wazima, baadhi wenye ugonjwa sugu wa mapafu au wa moyo, wakawatembeza kwa saa 2 siku moja katika bustani ya Hyde Park na siku nyingine kwenye mtaa wa Oxford Street, ambako wakati huo mabasi na teksi za dizeli zilipishana mchana kutwa. Miguu ileile, muda uleule. Bustanini mapafu yalifanya kazi vizuri zaidi na mishipa ya damu ikalegea, na nafuu hiyo ilidumu kwa saa kadhaa. Mtaani sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilifutika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018, na kwangu ndiyo yanayoeleza vizuri zaidi kwa nini neno "nje" halitoshi. Ukiwa na njia mbili za kuchagua, ile yenye miti iliyo nyuma ya nyumba ina thamani kuliko ile ya kando ya barabara kuu, hata ikiwa fupi. Saa nayo ina maana: magari huwa machache kabla ya watu kwenda kazini.

Kisha kuna ardhi. Sakafu ya ndani ni tambarare na mashine ya kukimbilia huja chini ya mguu kwa mwendo uleule, hivyo kifundo cha mguu hakina la kuamua. Kwenye njia ya udongo, kila hatua hutua tofauti kidogo na iliyotangulia. Misuli midogo ya kifundo, nyayo, macho na sehemu ya ndani ya sikio inayohisi mwelekeo wa kichwa hulazimika kupashana habari bila kukoma. Watafiti wa Oregon, Marekani, walipowatembeza wazee juu ya mikeka iliyotengenezwa ifanane na mawe ya mto, kwa wiki 16, waliona wakisimama imara zaidi na presha ikishuka kuliko wenzao waliotembea kawaida. Jiwe linalokusumbua njiani, kumbe, ni sehemu ya zoezi, alimradi uwe umefikia kiwango cha kulikanyaga bila hofu.

Kuhusu akili, utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019 uliohusisha watu karibu 20,000 ulikuta kwamba waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki kwenye maeneo ya asili walielekea zaidi kusema wana afya njema na wameridhika na maisha. Huo ni uhusiano, haukuthibitisha kwamba miti ndiyo iliyoleta afya. Mwenye goti bovu haendi msituni, naye angejibu vibaya dodoso hata msitu ungekuwa mlangoni kwake. Faida ninayoiamini zaidi ni ya kawaida sana: watu hurudi. Nje kuna la kutazama, kuna wa kusalimiana naye, na muda hauhesabiwi na namba nyekundu mbele ya macho. Zoezi linalofanyika kwa miaka 15 litalishinda lile bora lililoachwa mwezi wa pili.

Ambacho kutembea hakitoi

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na walio katika hatari kubwa zaidi ni wenye zaidi ya miaka 60. Mtu angedhani tiba ni kutembea zaidi. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotolewa mwaka 2019 na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ulionyesha kwamba mazoezi hupunguza idadi ya kuanguka kwa takribani robo, lakini yaliyofanya kazi hiyo ni mazoezi ya kusimama imara, ya kusogea kama mtu anavyosogea katika shughuli zake, na ya nguvu. Taichi, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, pia ilisaidia. Kutembea peke yake hakukuonyesha faida iliyo wazi. Na kuna jambo la kushangaza: tafiti za Marekani zimekuta kwamba wanaoanguka nje mara nyingi ni wale wenye nguvu na wanaotembea sana, huku wanaoanguka ndani wakiwa dhaifu zaidi. Aliyekwisha kuyumba asitumwe kutembea kwa kasi kwenye mawe kabla ya kujengwa miguu. Hapo ushauri wa "toka nje utembee" unaweza kuvunja nyonga.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, wahenga walisema, na huko kuinama na kuinuka ndiko kunakoanza kushindikana. Mapaja na makalio ndiyo yanayokutoa kitini, na kutembea tambarare hakuyadai mengi. Nje lakini kuna vifaa vyote. Benchi ni chombo bora kuliko mashine nyingi: kaa, inuka bila kushika kwa mikono, rudia mpaka mara 8 au 10, pumzika, fanya tena. Ikiwa rahisi, shuka kwa kuhesabu mpaka 4 kabla ya kugusa benchi. Ikiwa ngumu, tafuta ukuta mfupi ulio juu kidogo kuliko benchi. Mgongo wa benchi au ukuta hukufaa kwa pushapu za kusimama, ambazo mabega na mikono huzihitaji. Ngazi hukupa zoezi la kupanda, na kushuka kwake kuna faida yake ya pekee, kwa sababu paja hufanya kazi likijinyoosha ili kukuzuia usiporomoke, na uwezo huo ndio unaokosekana watu wanapoteleza. Mlima mdogo unafanya vyote kwa pamoja. Begi lenye chupa chache za maji mgongoni huongeza mzigo kwa mifupa ya nyonga bila kukimbia.

Kwa kuyumba, simama karibu na kitu cha kushika, inua mguu mmoja, hesabu mpaka 10. Watafiti wa Brazili waliopima watu 1,702 wa miaka 51 hadi 75 walieleza mwaka 2022 kwamba walioshindwa kufikisha sekunde 10 walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka iliyofuata. Kusimama mguu mmoja si kinga ya kifo; ni dalili inayokwambia mambo mengi ya mwili kwa mara moja, na kwa bahati nzuri hufundishika. Tembea pia juu ya mstari, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Inua visigino ukisimama kwa vidole. Geuza kichwa kushoto na kulia ukiwa unatembea, kwa sababu wengi huanguka pale wanapogeuka kumwitikia mtu.

Tahadhari, kwa ufupi

Mzee hutoa jasho kidogo kuliko kijana na kiu yake huchelewa kuja, kwa hiyo anywe maji kabla ya kuyataka na akwepe jua la saa 5 hadi saa 10. Dawa za kuongeza mkojo huzidisha upungufu wa maji. Dawa za presha za kundi la beta (beta-blocker) huzuia mapigo ya moyo kupanda, na hapo saa ya mkononi inayopima mapigo itakudanganya. Tumia kipimo cha kuzungumza. Anayetumia insulini abebe kitu kitamu, na mwenye kisukari akague nyayo zake akirudi. Baridi kali hupandisha presha, basi anza polepole mpaka mwili upate joto.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi inayokatika isivyo kawaida: simama, na utafute msaada wa matibabu. Maumivu ya goti lililochakaa ni jambo jingine. Yakiwa madogo na yakatulia kufikia kesho yake, endelea. Yakizidi siku ya pili, punguza mzigo badala ya kuacha. Misuli ya paja inayoimarika hulipunguzia goti kazi.

Utajuaje kama unasonga mbele

Usipime kwa mizani ya uzito. Chukua kiti kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani, kunja mikono kifuani, na uhesabu mara ngapi unainuka kikamilifu ndani ya sekunde 30. Kwa viwango vinavyotumiwa na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, mwanamume wa miaka 60 hadi 64 anayepata chini ya 14, au mwanamke anayepata chini ya 12, yuko chini ya wastani. Kwa miaka 70 hadi 74 ni chini ya 12 na chini ya 10. Kuna pia kasi ya kutembea: pima mita 10 kwenye njia iliyonyooka, tembea kawaida yako, ugawanye umbali kwa sekunde. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2011 kwa wazee zaidi ya 34,000 ulionyesha kuwa waliokwenda mita 0.8 kwa sekunde waliishi kwa wastani wa umri wao, na waliofika mita 1 au zaidi waliishi muda mrefu kuliko wastani huo.

Andika namba zako leo, urudie baada ya miezi 3. Kama mapigo na pumzi vimekuwa vyepesi lakini kiti bado kinakupa namba ileile, hukukosa dakika za kutembea. Chukua nusu ya muda wa siku 2 kati ya zako za wiki, uupeleke kwenye benchi na ngazi.